Klorofomu au klorini? Kisa cha kihisi cha fedha na maji ya tangi la ghorofa, Embakasi

Keateka hutia kikombe kimoja. Hicho ndicho kipimo chake cha dawa ya maji, na kisa chote hiki kinaanzia kwenye kikombe hicho.

Jengo ni la ghorofa sita, nyumba 36, pale Embakasi. Limechukuliwa kama mfano, na hesabu za sampuli zake ni za mfano pia. Ila kemia yake, vipimo vya dawa na makosa yanayosimuliwa ni yale yale yanayomkuta mtu yeyote anayepima maji ya bomba kwa elektrodi. Maji ya mgao huja siku mbili kwa wiki. Siku nyingine huja boza na maji ya kisima kirefu. Yote humwagwa kwenye tangi moja la chini la lita 50,000, kisha pampu huyapandisha kwenye matangi meusi ya plastiki juu ya paa, ambako jua la mchana huyapasha hadi yakawa vuguvugu.

Kikombe kikijaa unga wa kalisiamu haipokloraiti hubeba kama gramu 500. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 unatoa gramu 325 za klorini. Ukizigawa kwa lita 50,000 unapata miligramu 6.5 kwa lita, na hapo tangi limejaa. Likiwa nusu, ni 13. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5 za klorini kwa lita ya maji ya kunywa, kwa hiyo wapangaji waliosema chai ina ladha ya dawa hawakuwa wakideka.

Mpangaji mmoja akauliza swali zito zaidi: je, dawa hii haitengenezi sumu nyingine ndani ya maji?

Hutengeneza. Klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo yaliyoyeyuka majini, hujishikiza kwenye kaboni na kuzaa familia nzima ya viambata. Wa kwanza kujulikana vizuri walikuwa trihalomethani, yaani klorofomu na ndugu zake watatu wenye bromini, walioripotiwa mwaka 1974 na Johannes Rook aliyekuwa akifanya kazi na maji ya Rotterdam. Kundi la pili kwa wingi ni asidi za haloasetiki. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, husafishwa Ng'ethu, kisha hushuka kwa mabomba marefu hadi Gigiri. Safari hiyo ndefu ni muda wa klorini kufanya kazi yake nzuri na hii nyingine pia. Ukiongeza tangi la chini lenye tope, dawa ya kikombe na joto la paa, kazi inaendelea hadi kwenye mfereji wa jikoni.

Kipimo cha uhakika ni kromatografia ya gesi, mashine ya maabara inayotenganisha viambata na kupima kimoja kimoja. Ni ghali na majibu hayaji siku hiyo hiyo. Ndiyo maana watu wa maji wanavutiwa na kihisi cha kielektrokemia: kifaa cha kushika mkononi, elektrodi tatu, jibu kabla chai haijapoa.

Kifaa kilichotumika

Elektrodi ya kazi ni kisahani cha fedha chenye kipenyo cha milimita 3. Ni fedha ya pete na bangili, si ya mfukoni. Fedha ilichaguliwa kwa sababu inarahisisha kuvunjwa kwa kifungo kati ya kaboni na halojeni (klorini au bromini) kuliko elektrodi ya kaboni tupu inavyoweza. Ukiisukuma elektrodi upande wa hasi, kuelekea volti hasi moja na kupita kidogo, ukilinganisha na elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha, ambayo volti yake haihami, molekuli za klorofomu zinazogusa uso wake hupokea elektroni, klorini inang'oka, na mkondo mdogo unapita. Zenye bromini huvunjika mapema kidogo, yaani kabla volti haijawa hasi kiasi hicho. Waya wa platinamu unakamilisha sakiti, na potenshiostati ndogo, yaani kifaa kinachoongoza volti na kupima mkondo, inayounganishwa na simu ndiyo inayochora mchoro.

Mkondo huo ni mdogo kwelikweli. Kwa kisahani hiki, mikrogramu 100 za klorofomu kwa lita zinatoa kilele cha nanoampia 40. Kwa maji safi yasiyo na kitu, usomaji hutikisika kwa nanoampia 4 huku na huku. Mara tatu ya mtikisiko huo ni nanoampia 12, sawa na mikrogramu 30 kwa lita. Chini ya hapo kifaa hiki hakioni; kinabahatisha.

Sasa weka hesabu ya pili kando ya hiyo. Mikrogramu 100 za klorofomu kwa lita ni sawa na mikromoli 0.84, kipimo kinachohesabu molekuli badala ya uzito. Maji ya Nairobi yaliyokaa wazi kwa nyuzi 20 yana oksijeni karibu miligramu 7.4 kwa lita. Kwenye usawa wa bahari yangekuwa na 9.1, lakini huku juu hewa ni nyepesi. Miligramu 7.4 ni mikromoli 231. Kwa kila molekuli ya klorofomu kuna molekuli kama 275 za oksijeni, na oksijeni nayo inapokea elektroni kwenye fedha, tena inaanza mapema zaidi. Klorini iliyobaki majini, ambayo vidonge vya DPD, vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, vilionyesha kuwa miligramu 3.8 kwa lita kwenye mfereji wa ghorofa ya tatu, ni mikromoli 54, na inapokea elektroni kabla ya wote. Anayetumbukiza elektrodi kwenye maji ya bomba hivi hivi anapima hao wawili. Klorofomu ni mbu aliyeketi juu ya tembo.

Sampuli ya kwanza: 412

Ilichukuliwa saa tatu asubuhi kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani ya nusu lita, ikajazwa robo tatu, ikapanda bodaboda, ikapimwa saa nane mchana. Programu ya simu ikaandika mikrogramu 412 kwa lita. Namba kama hiyo ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, kesho yake hakuna anayelipa kodi.

Mchoro wenyewe haukuwa na kilele. Ulikuwa mteremko mrefu wenye kinundu, na programu ikachora mstari wa chini ilipotaka na kuita kinundu hicho klorofomu. Kosa la msingi ndilo hilo, klorini na oksijeni hazikuondolewa. Ukiona mkondo unaanza kupanda kabla ya volti hasi 0.6, usisome namba yoyote, hata programu ikikubembeleza.

Kuna mengine mawili ndani ya chupa ile, na yanavuta pande tofauti. Klorini iliyobaki hai iliendelea kutengeneza trihalomethani kwa saa tano, kwa hiyo maji ya saa nane si maji ya saa tatu. Upande wa pili, klorofomu hutoroka hewani. Hapa watu hukuza mambo. Nafasi ya robo chupa ikikaa kimya inanyang'anya kama asilimia 4 tu. Hasara kubwa hutokea wakati wa kufungua, kumimina kwa mrusho na kumimina tena. Plastiki nayo hunywa kidogo.

Sampuli ya pili: sifuri

Safari hii ilitumika chupa ya maabara, safi, yenye kifuniko kilichofungwa kwa karatasi, ile inayotumika kupima bakteria. Jibu: hakuna kitu. Aliyesoma 412 akasoma sifuri, na wapo ambao wangefurahi na kwenda zao.

Kabla ya kufurahi, kisahani kilitumbukizwa kwenye maji ya kulinganishia yenye mikrogramu 100 za klorofomu. Yalipaswa kutoa nanoampia 40. Yalitoa 9. Ukikigeuza kisahani kwenye mwanga unaona pete ya rangi ya kahawia ikielekea weusi, imeanzia ukingoni na kutambaa kuingia ndani, kama kijiko cha fedha kilichosahaulika kwenye yai.

Chupa za bakteria huwekwa sodiamu thiosalfeti ndani yake makusudi, ili klorini isiendelee kuua bakteria njiani. Kwa kawaida ni mililita 0.1 ya mchanganyiko wa asilimia 3 au 10 kwa chupa ya mililita 120, yaani miligramu kati ya 25 na 83 kwa lita. Kwa bakteria ni sawa kabisa. Kwa fedha ni balaa. Waliowahi kuingia chumba cha giza cha studio za picha za zamani wanakumbuka "haipo" (hypo), ile dawa ya kuoshea filamu. Ndiyo hii hii, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha chumvi za fedha. Kwenye kisahani hujishikiza, huachia salfa na kuacha utando mweusi wa salfaidi ya fedha ambao klorofomu haiupiti. Ikipenya hadi kwenye elektrodi ya rejea huyeyusha kloridi ya fedha iliyo humo, na hapo volti zote unazosoma zinahama bila kukuaga.

Kisahani kilisuguliwa kwa unga wa alumina wa mikroni 0.3 kwenye kitambaa chenye unyevu, kwa mwendo wa namba nane, dakika mbili. Kisha wa mikroni 0.05, kikasuuzwa. Kikarudi nanoampia 39. Kipimo hiki cha kulinganishia kifanyike kabla na baada ya kila sampuli. Anayekifanya asubuhi tu hatajua elektrodi ilikufa saa ngapi.

Njia ya mkato iliyokataliwa

Kitabu chochote cha elektrokemia kitakwambia toa oksijeni kwa kupuliza naitrojeni. Kwa metali majini, sawa. Kwa klorofomu unatupa mtoto pamoja na maji ya kuogea, kwa sababu yenyewe ni ya kupeperuka. Kwa mililita 30 za maji na gesi ya mililita 100 kwa dakika, dakika tano tu zinaweza kubakisha kama sehemu moja kwa kumi ya klorofomu, wakati bromofomu inabaki karibu robo tatu. Hupati tu namba ndogo. Unapata mchanganyiko uliopinda.

Sampuli ya tatu

Vichupa vya kioo cha kahawia vya mililita 40, kifuniko chenye septa ya Teflon, yaani kizibo laini cha ndani. Ndani ya kila kimoja, miligramu 20 za sodiamu salfaiti kavu. Salfaiti inafanya kazi mbili: inaua klorini papo hapo, na inakula oksijeni polepole wakati kichupa kiko njiani. Kwa hesabu, kila miligramu ya oksijeni inataka karibu 7.9 za salfaiti, na kila miligramu ya klorini inataka karibu 1.8. Kwa mililita 40 za maji haya ni miligramu 2.6 tu, 20 ni za kuharakisha kazi na kubakiza akiba. Salfaiti iwe mpya. Kopo lililoachwa wazi hugeuka salfeti, ambayo haili chochote, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Usichanganye na vitamini C ukidhani unaongeza nguvu. Asidi askobiki inaua klorini vizuri, ila inazuia salfaiti isile oksijeni. Kimoja au kingine.

Kichujio cha mdomo wa mfereji kiling'olewa, maji yakaachwa yatiririke dakika tatu, kisha yakapunguzwa hadi uzi mwembamba. Kichupa kikainamishwa, kikajazwa hadi maji yakavimba juu ya mdomo, kikafungwa, kikapinduliwa. Kipovu kikionekana, unaongeza maji kidogo na kufunga tena, bila kumwaga yaliyomo. Vichupa sita vya kihisi. Vingine viwili, vyenye miligramu 25 za asidi askobiki, vikaenda kwenye maabara ya kromatografia. Vyote vikasafiri kwenye kiboksi chenye barafu.

Mililita 30 zilivutwa kwa sirinji ya kioo na kuachiwa chini kabisa ya chombo chenye kifuniko, palipokuwa na nusu gramu ya potasiamu haidrojeni fosfeti. Fosfeti hiyo inapitisha umeme na kuyaweka maji kwenye pH ya karibu 9. Hilo si pambo, kwani salfaiti kwenye maji yenye asidi hugeuka salfa dayoksaidi, ambayo nayo inapokea elektroni. Kisha subira. Saa haiamui, mchoro ndio unaoamua. Wimbi la oksijeni likiwa bado lipo, ngoja. Lilipotea baada ya dakika kumi na mbili.

Kilele kilisimama kwenye nanoampia 31. Ikaongezwa mikrolita 15 za klorofomu ya kulinganishia, mikrogramu 100 kwa mililita kwenye methanoli, ambayo ni nyongeza ya mikrogramu 50 kwa lita: 51. Ikaongezwa tena kiasi hicho hicho: 71. Mteremko, yaani nanoampia zinazoongezeka kwa kila mikrogramu kwa lita, ni 0.40. 31 ukigawa kwa 0.40 ni 77.5, tuseme 78.

Namba 78 inasema nini

Peke yake, haisemi vya kutosha. Kihisi hakitofautishi ndugu wanne. Kinatoa jumla kana kwamba wote ni klorofomu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa klorofomu ni mikrogramu 300 kwa lita, kwa bromodikloromethani 60, na kwa wawili waliobaki 100 kila mmoja. Kisha unagawa kila kiasi kwa kikomo chake, na jumla isizidi 1. Zikiwa 78 zote klorofomu, jumla ni 0.26 na unaweza kulala. Zikiwa zote bromodikloromethani, ni 1.3 na hulali. Katika jengo hili swali hilo si la kubuni, kwa kuwa maji ya kisima yanaweza kuja na bromaidi, na klorini huigeuza kuwa asidi haipobromasi inayojishikiza kwenye kaboni haraka kuliko klorini yenyewe. Kwa maoni yetu, jengo linalochanganya bomba na boza lisiamuliwe kwa kihisi pekee.

Maabara ilirudisha klorofomu 41, bromodikloromethani 19, dibromokloromethani 9, bromofomu 2. Jumla 71. Kwa kanuni ya kugawa: 0.14, 0.32, 0.09 na 0.02, yaani 0.57. Yapo ndani ya kikomo, na zaidi ya nusu ya mzigo unatoka kwa ndugu mwenye mikrogramu 19. Wapo wanaokimbilia kulinganisha 71 na kikomo cha Marekani cha 80. Kile ni wastani wa mwaka mzima, si cha sampuli moja.

Usione 78 na 71 ukasema zimekaribiana, mambo yameisha. Kihisi kinahesabu molekuli, si uzito. Ukigeuza majibu ya maabara kuwa moli kisha kuyarudisha kama klorofomu, unapata 61. Kihisi kina 17 za ziada, na lazima zijulikane zilikotoka.

Kichupa kingine kikafunguliwa, kikapulizwa hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki, mililita 200 kwa dakika, dakika 40. Hapo ndugu wote wanne wameondoka, hata bromofomu. Salfaiti ikaongezwa tena, maana hewa ilikuwa imeimaliza. Zikabaki nanoampia 7, sawa na mikrogramu 17.5. Kitu kisichopeperuka kinapokea elektroni pale pale. Mshukiwa wa kwanza alikuwa zinki ya mabomba ya chuma ya zamani, kwa kuwa nayo hushuka kwenye elektrodi karibu na volti hasi moja. Ikatiwa EDTA hadi milimoli 1 kwa lita, ambayo huishika zinki na kuihamisha mbali. Kilele hakikutikisika. Zinki ikatoka kwenye orodha ya washukiwa, asidi za haloasetiki, ambazo hazipeperuki na fedha huzivunja, zikabaki mbele. Hazikupimwa na maabara kwa sababu hakuna aliyeziomba.

Dawa ya kikombe

Dawa haiachwi, kwani kipindupindu hakisubiri miaka sabini kama madhara ya klorofomu. Kinachoachwa ni kikombe. Gramu 15.4 za unga ule kwenye lita moja ya maji zinatoa mchanganyiko wa asilimia moja, na mililita 2 za huo kwenye ndoo ya lita 20 ni miligramu 1 kwa lita. Ndoo nne za maji ya tangi zilitiwa mililita 1, 2, 3 na 4, zikafunikwa nusu saa, zikapimwa kwa DPD. Ndoo ya tatu ndiyo ya kwanza kubaki na zaidi ya miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Kipimo ni miligramu 1.5 kwa lita, yaani gramu 115 za unga kwa tangi lililojaa. Mizani ya jikoni inatosha. Tangi la chini likakaushwa na tope kuzolewa kabla ya lolote, maana tope ndilo linalokula klorini na kulisha klorofomu.

Baada ya wiki mbili kihisi kilisoma nanoampia 15. Mteremko safari hii ulikuwa 0.31, na jibu likawa 48. Kisahani kikasuguliwa upya, bado 0.31. Kilichokuwa kimeharibika ni ampuli ya klorofomu, iliyofunguliwa siku ya kipimo cha kwanza na kufungwa kwa plastiki ya kufunikia chakula. Klorofomu ilikuwa imetoka, kila nyongeza ilibeba pungufu ya ilivyoandikwa, na maji ya kulinganishia yaliyopungua nguvu hukuza jibu. Ampuli mpya ilirudisha 0.40, na jibu likawa 38. Kwa kuwa 38 iko pua na mdomo na kikomo cha kifaa cha 30, kwenye fomu iliandikwa "chini ya 50", na vichupa viwili vya askobiki vikatumwa maabara, mara hii pamoja na kingine chenye amoniamu kloridi kwa ajili ya asidi za haloasetiki.